Video ya masaa matatu na ushee kwenye DVD moja: usihesabu giga, hesabu dakika

Swali: "Habari mtaalamu. Nimeedit mwenyewe video ya harusi ya dada angu, imetoka masaa 3 na dakika 20, faili ni MP4 ya giga 2.1. Wazazi wana deki ya zamani haina hata tundu la flashi kwahiyo nataka iwe DVD moja tu, waweke wabonyeze plei basi. Diski imeandikwa 4.7 nikajua nafasi itabaki kibao, cha ajabu programu ya kutengeneza DVD inaniambia mradi ni giga 9 na hauingii. Halafu diski yenyewe kwenye kompyuta inasoma 4.37, je nimeuziwa feki? Rafiki kaniambia niizipu kwanza. Sitaki kugawa diski mbili, naomba msaada."

Salama ndugu yangu, na hongera kwa harusi. Tuanze na hilo la diski maana ndo jepesi, hujauziwa feki. Mtengeneza diski anahesabu giga moja kuwa baiti 1,000,000,000, kompyuta yako inahesabu giga moja kuwa baiti 1,073,741,824, sasa chukua baiti bilioni 4.7 ugawe kwa hiyo namba kubwa unapata 4.37. Diski ni ileile, mizani ndo mbili. Ila liweke akilini kwasababu linauma watu sana, mtu anaandaa folda ya giga 4.6 kwa hesabu ya kompyuta anasema si imeandikwa 4.7, anaweka diski, inakataa.

La kuzipu mwambie rafiki asante lakini hapana. Video imeshaminywa tayari, ukiizipu itapungua kidogo sana pengine isipungue kabisa, na hata ingepungua deki ya wazazi haijui kufungua zipu, ingesoma diski ikakwambia haina kitu.

Sasa tuje kwenye lenyewe, kwanini giga 2.1 inageuka giga 9. Ile MP4 yako (naamini njia iliyoiminya ni H.264, karibu simu na programu zote za kuedit ndo zinatoa hiyo) imeminywa kwa utaalamu uliokamilika 2003. DVD zimeanza kuuzwa 1996, kwahiyo deki ya zamani inajua njia ya kuminya ya MPEG-2 na ndugu yake mkubwa MPEG-1, basi, H.264 kwake ni lugha ya kigeni. Programu ya kutengeneza DVD inachofanya ni kuifungua video yako yote mpaka picha moja moja halafu inaiminya upya kwa MPEG-2, na inaiminya kwa bitireti iliyowekwa kwenye setingi, haijali kabisa faili lako lilikuwa na ukubwa gani. Ungempa MP4 ya giga 2, ya giga 20, au ya mega 700, kama zote ni dakika 200 na setingi ni ileile basi DVD itakayotoka ni ukubwa uleule, watu wengi hapa ndo wanapotea, wanahangaika kupunguza MP4 kwanza ndo waipeleke kwenye DVD, wanaharibu picha mara mbili na giga 9 inabaki palepale.

Bitireti ni idadi ya biti zinazotumika kwa kila sekunde ya video, hamna cha ajabu. Programu nyingi zinakuja zimesetiwa kilobiti 6000 kwa sekunde au hapo karibu, ambayo ni nzuri kabisa kwa muvi ya saa moja na nusu. Wewe una dakika 200 yaani sekunde 12,000. Zidisha 6000 kwa 12,000, gawa kwa 8 kupata baiti, unaona baiti bilioni 9 kabla hata hujaweka sauti. Si kosa la programu, imezidisha vizuri tu.

Kwahiyo tunafanya hesabu kinyumenyume, tunaanza na nafasi tuliyonayo. Nafasi ni baiti bilioni 4.7 lakini mimi siijazi diski mpaka mdomoni, nalenga bilioni 4.5 (kompyuta itakuonyesha kama giga 4.19), sababu nitaieleza mbele. Baiti bilioni 4.5 mara 8 ni biti bilioni 36. Gawa kwa sekunde 12,000, inakuja kilobiti 3000 kwa sekunde. Hiyo ndo bajeti yako yote, picha na sauti na makorokoro ya kuzifunga pamoja. Mwingine mwenye video ya masaa mawili afanye hivyohivyo, biti bilioni 36 kwa sekunde 7200 atapata 5000 kamili, anaona tofauti.

Kwenye hiyo 3000 kitu cha kwanza nenda kaangalie sauti, naomba usiruke hapa. Programu nyingine bila kukuuliza zinaweka sauti ya PCM, yaani sauti isiyominywa kabisa, na PCM ya stirio ya DVD inakula kilobiti 1536 kwa sekunde. Yaani nusu ya bajeti yako imeliwa na MC! Badilisha iwe AC-3 (sauti iliyominywa) ya kilobiti 192, stirio, hapo hotuba zitasikika na mziki utasikika vizuri, sidhani kama mzee kwenye spika za TV atajua tofauti. Toa 192 unabaki na 2808, toa tena kama asilimia 3 hivi ya gharama ya kufungasha, tuseme 90, unabaki na 2700 na chenji. Weka picha 2700, hiyo ndo namba yako. Ungeacha PCM ungebakiwa na 1370 hivi, na hapo ungesema MPEG-2 ni takataka kumbe tatizo ni sauti.

Sasa 2700 ni kidogo au inatosha? Inategemea kilichomo, na hapa nataka tukae kidogo.

MPEG-2 inaikata kila picha kwenye vimraba vya pikseli 16 kwa 16. Picha ya DVD ya PAL (mfumo wa TV wa picha 25 kwa sekunde) ni 720 kwa 576, kwahiyo vimraba 45 kwenda upande na 36 kwenda chini, jumla 1620 kwa picha moja, mara picha 25 kwa sekunde ni vimraba 40,500 kila sekunde. Gawa biti 2,700,000 kwa vimraba 40,500, kila kimraba kinapata biti kama 66. Kwa ile setingi ya 6000 kingepata 148. Sasa kimraba ambacho hakijabadilika tangu picha iliyopita, mfano ukuta nyuma ya bibi harusi, hakihitaji hata biti 5, enkoda (sehemu ya programu inayominya) inasema tu "kama kile cha mwanzo" inaendelea. Lakini watu wakisimama kucheza, taa zinawakawaka, karatasi za kumetameta zinamwagwa hewani, kila kimraba ni kipya kila picha, biti 66 ni kama kumpa mtu tone moja aoge. Hapo ndo unaona ile picha inageuka vibox, sura za watu zinakuwa kama zimejengwa kwa matofali.

Ndo maana sharti la kwanza, usiminye kwa bitireti isiyobadilika. Kwa 2700 isiyobadilika yule padri au shehe aliyekaa kimya dakika kumi anapewa biti zilezile wanazopewa wacheza mziki, anabaki nazo hazina kazi. Unachotaka ni bitireti inayobadilika, wastani 2700 na kilele kiache kwenye 8000 (kiwango cha DVD kinaruhusu picha hadi 9800 lakini deki za zamani zikipewa diski ya kuchoma yenye vilele virefu hivyo zinaanza kukwamakwama), na ufanye pasi mbili. Pasi si ya nguo, ni mzunguko. Mzunguko wa kwanza enkoda inaiangalia video yote bila kuandika chochote cha maana, inapiga tu noti wapi pagumu wapi parahisi, mzunguko wa pili ndo inaandika ikijua kabisa dakika ya 140 kuna mnenguo mzito kwahiyo ibane kwenye hotuba. Na uzuri mwingine wa pasi mbili, ukubwa unaotoka ni uleule uliouomba, haubahatishi. Ubaya ni muda, inachukua karibu mara mbili, kwa video ya dakika 200 kwenye kompyuta ya kawaida washa usiku ukalale.

Kama video yako ni mziki mwanzo mwisho na ukijaribu kipande bado vibox vinaonekana, kuna ujanja wa pili ambao watu wanaudharau. Kiwango cha DVD kinaruhusu pia picha ya 352 kwa 576, yaani upana nusu urefu uleule, deki inaivuta yenyewe ijae kioo. Hapo vimraba vinakuwa 22 kwa 36, yaani 792, mara 25 ni 19,800 kwa sekunde, na zilezile biti 2,700,000 sasa kila kimraba kinapata 136. Umerudi karibu na pale pa mwanzo! Unapoteza ukali wa upande, ni kweli, nywele na maandishi madogo yanalainika kidogo, lakini picha laini na picha ya matofali mimi nachagua laini bila kufikiri, hasa kwa TV ya zamani. Kanuni yangu, ikiwa wastani umeshuka chini ya 2500 naenda 352 moja kwa moja, kati ya 2500 na 3500 natazama kilichomo, juu ya hapo naacha 720. Wewe uko katikati, kwahiyo kata dakika mbili za ile sehemu iliyochangamka kuliko zote, ziminye kwa njia zote mbili, angalia kwa macho yako ukiwa umekaa mbali kama unavyokaa na TV sio pua kwenye kioo.

Kitu kingine, kama ulipiga ukumbini taa hafifu basi video yako ina chenga, ile michanga michanga inayocheza kwenye sehemu za giza. Macho yako yameshazoea huioni, ila enkoda inaiona na inaamini ni kitu muhimu, inapoteza biti kuichora michanga ambayo kila picha ni mipya. Weka filta ya kuondoa chenga, ya chini tu, kabla ya kuminya. Usizidishe sura zikawa kama za nta.

PAL au NTSC (mfumo mwingine wa TV, wa picha 30 kwa sekunde)? Angalia ulirekodi kwa picha ngapi kwa sekunde. Kama 25 au 50 tengeneza PAL, kama 30 au 60 tengeneza NTSC, usigeuze 30 kuwa 25 maana watu wakitembea wataonekana wanarukaruka, ila kwanza hakikisha deki na TV ya wazazi vinakubali NTSC, vingi vinakubali. Kwa nafasi hamna unachookoa, NTSC ni 720 kwa 480 ina vimraba 1350 mara 30 ni 40,500 vilevile, waliopanga walijua wanachofanya.

Programu za kutumia. Mimi kuminya natumia Avidemux, ni ya bure, ina MPEG-2 ya pasi mbili na ina kikokotoo ndani yake kama huamini hesabu yangu, kisha faili linalotoka nalipeleka DVDStyler kutengeneza menyu na folda ya VIDEO_TS (ndo deki inakoisoma video), hapo hakikisha unaiambia isiminye tena video, ibebe kama ilivyo, la sivyo umerudi kwenye 6000 yako. HandBrake wengi watakutajia, ni nzuri lakini haitengenezi DVD, inatoa MP4 na MKV. DVD Shrink nayo watakutajia, hiyo inapunguza DVD ambayo tayari iko kwenye MPEG-2, kwa MP4 yako haina kazi, na hata kwa DVD mimi ningerudi kuminya kutoka faili la asili kuliko kuminya kilichominywa.

Menyu weka picha moja tuli bila mziki wala video inayozunguka nyuma, wazazi wanataka plei tu si ndio. Na ukifungua VIDEO_TS ukikuta video imekatwa vipande VTS_01_1, VTS_01_2 mpaka 5 usishtuke kwamba imegawanyika, kiwango kinataka kila VOB (ndo hivyo vipande) isizidi giga moja, deki inaviunga yenyewe huoni mahali pa kuunga. Na kama kompyuta ya kuchomea ni nyingine na unahamisha kwa flashi, faili la ISO (diski nzima ndani ya faili moja) la giga 4.19 halitaingia kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 hata kama ni flashi ya giga 64, FAT32 haipokei faili moja linalofika giga 4. Hamisha folda yenye vipande badala ya ISO, au fomati flashi iwe exFAT.

Sasa ile sababu ya kutojaza mdomoni. Diski inaandikwa kutoka ndani kwenda nje, na ukingo wa nje ndo sehemu dhaifu, ndo unaposhikwa na vidole, ndo diski inapoyumba zaidi, na kwenye diski za bei rahisi ndo rangi inapakwa vibaya. Zamani nilijaza diski ya mahafali mpaka baiti ya mwisho, kwenye kompyuta yangu ikacheza safi, siku ya kuiangalia tumekaa ukoo mzima, imekwenda masaa mawili na nusu bila tatizo, muda wa kupokea cheti picha ikaganda na deki ikaanza kulia kama inasaga mchanga. Mhusika mwenyewe alikuwa ameketi hapo. Tangu siku hiyo naacha nafasi, hizo mega 200 tulizoacha hazitabadilisha ubora unaouona kwa macho ila zinaokoa dakika za mwisho, ambazo kwenye harusi ndo za kuaga.

Kuchoma tumia ImgBurn au yoyote uliyoizoea, spidi weka 4x, diski nzima inachukua kama robo saa tu, 16x unaokoa dakika chache unanunua makosa. Ikimaliza iache ihakiki. Kama una diski ya RW (ile inayofutika na kuandikwa tena) anza nayo, ijaribu kwenye deki yenyewe ya wazazi ukimbilie kipande cha mwisho kabisa, maana kama itagoma itagomea huko. Baadhi ya deki za zamani hazisomi RW kabisa, ikikataa toka mwanzo usihukumu, choma DVD-R. Usibandike stika ya karatasi juu, inaifanya diski iwe nzito upande mmoja, andika kwa kalamu ya maji yenye ncha laini.

Kuna watakaokwambia nunua diski ya tabaka mbili, ile ya 8.5, kwa kweli ingekupa karibu kilobiti 5400 jumla na tusingekuwa na haya maongezi yote. Lakini ni ghali zaidi, kompyuta yako lazima iwe na draivu inayoandika tabaka mbili, na deki za zamani ndo hasa zinazogoma nayo, au zinasita pale zinapohama tabaka. Kwa deki isiyo hata na tundu la flashi nisingeibahatisha. Na lile la kuchoma MP4 yenyewe kama data linaingia diski moja bila kupunguza kitu chochote, giga 2.1 tu, lakini ni kwa deki zinazosoma MP4, ya wazazi nina wasiwasi itakaa inazunguka tu iandike "no disc".

La mwisho, najua utafurahi ikikubali utataka kusafisha kompyuta. Ile MP4 usiifute, na kama bado una vipande vya kamera vyenyewe usivifute pia. DVD uliyotengeneza ni 720 kwa 576 iliyobanwa, siku deki ikifa na wazazi wakapata TV kubwa utakuja kuitaka ile ya asili, na kutoka kwenye DVD huirudishi. Nakili kwenye hadisiki mbili tofauti, moja ikae kwa dada.